Uwanja Uliofagiwa

Jumamosi ile niliamka mapema, nikaweka maji ya chai jikoni, nikaenda dirishani kuangalia pilipili zangu. Zilikuwa zimechipua kumi na moja, ndani ya pakiti za maziwa nilizozikata katikati. Jirani yangu Mrundi wa ghorofa ya pili ndiye aliyenifundisha kwamba pilipili hapa hupandwa Januari, ndani ya nyumba, chini ya taa. Mwaka wa kwanza nilidhani ananitania, kwa sababu nje theluji ilikuwa imefika magotini. Siku hizi ni mimi ninayewafundisha wageni, nao wananitazama kama nilivyomtazama yeye.

Naishi Hjulsta, kitongoji cha mji mkuu huku Uswidi, mwisho wa reli ya bluu, katika nyumba ya chini kabisa ya jengo la ghorofa. Mlango wa jikoni unafungukia kijishamba changu: hatua tano kwenda mbele, hatua nne kuvuka, uzio wa mbao, basi. Mwezi wa Februari mtu asiyejua atasema hakuna kitu pale. Lakini chini ya theluji kuna vitunguu saumu nilivyovipanda Oktoba na kuvifunika kwa matawi ya msonobari. Theluji yenyewe ni blanketi lao la pili, ndiyo maana sikubali mtu aipige koleo. Pembeni imesimama mistari miwili ya mboga ya majani ambayo sisi watu wa Afrika Mashariki tuliopo hapa tunaiita sukuma, ingawa majani yake yamejikunjakunja na si sukuma hasa. Baridi kali huitia utamu. Ikiganda huigusi, itavunjika mkononi. Unasubiri mchana ilegee, unachuma majani ya chini na kuuacha moyo wa mche.

Tangu mume wangu, Baba Neema, alipofariki, kijishamba hicho ndicho kinachonitoa kitandani. Binti yetu Neema anaishi Malmö. Nikimwambia kwa simu kwamba nimetoka kuchuma mboga kwenye baridi, ananijibu kwa Kiswidi, "Mamma, den finns på affären," yaani ipo dukani. Najua ipo dukani. Ila ya dukani haijali kama nimeamka au sikuamka.

Mgeni wangu wa Jumamosi ni mmoja tu, kaka yangu Kizito. Anatoka Hallonbergen, anabadilisha treni Västra Skogen, na saa saba kamili anabisha mlango. Amenizidi miaka minne. Alifanya usafi kwenye treni hizohizo mpaka alipostaafu, na kila wiki ananiletea ripoti ya uchafu aliouona, utadhani bado analipwa. Tunazungumza Kiganda chetu. Kiswahili anakijua lakini hakitumii; kwake ni lugha ya watu waliokuja na bunduki. Mimi nilifundishwa na Baba Neema, mtu wa Tabora, nikamlea mtoto kwa lugha hiyo, nikaipenda. Haya nayaandika kwa Kiswahili, na huenda sababu moja ni kwamba najua Kizito hatayasoma.

Siku hiyo alikuja na habari. Watoto wa marehemu Mzee Bosa, aliyekuwa jirani yetu kijijini, walikuwa wameomba kuihamisha mifupa ya baba yao ili wamzike upya katika ardhi yake. Wazee wa kijiji walisema wao hawana neno, lakini lazima kwanza familia yetu ikubali, kwa sababu ya mama. Jibu lilitakiwa kabla ya Pasaka, na mwenye kujibu alikuwa Kizito, mkubwa wetu.

"Nitawaambia hapana," alisema huku akivua viatu. "Mtu aliyemuuza mama hawezi kuja kulala hatua thelathini kutoka uwanja wetu."

Kijiji kizima kiliamini hivyo. Wakati wa vita Mzee Bosa aliwauzia askari pombe yake ya ndizi, na nyumba yake haikuguswa. Mama yetu alipokamatwa, watu walijumlisha moja na moja. Vita vilipokwisha, Kizito na vijana wenzake walimvunjia mlango yule mzee na kumfukuza na watoto wake. Alifia mbali, katika chumba cha kupanga.

Na mimi nilinyamaza. Nilinyamaza nikiwa na miaka kumi na minane, nikanyamaza nikiwa mke wa mtu, nikanyamaza hata Jumamosi ile, nikisema tu kwamba naenda kuchuma mboga.

Kizito aliniona natafuta fimbo. Mwezi uliopita nilikuwa nimeteleza hapo mlangoni nikaumia nyonga.

"Kaa, Robina," alisema. "Ukianguka tena Neema atanilaumu mimi."

Alivaa tena viatu, akachukua ufagio uliosimama nyuma ya mlango akatoka. Usiku ilikuwa imeanguka theluji nyepesi, ile inayofanana na unga, isiyohitaji koleo. Nilimtazama kwa dirisha. Alifagia njia kwenda mpaka kwenye sukuma, akachuma, kisha akarudi kinyumenyume akifagia tena ili isiteleze. Kizito ana mkono wa kazi. Alizungusha ufagio nusu duara, akarudi hatua, akazungusha tena, na nusu duara zikapangana moja baada ya nyingine, hata nyayo zake mwenyewe zikafutika. Alipofika mlangoni aligeuka akaitazama kazi yake, na niliona imempendeza.

Nilikaa kwenye kiti kilicho karibu.

Aliingia na majani mkononi. "Umepatwa na nini?"

"Keti, kaka," nilisema. "Hakuwa Mzee Bosa."

Nitaandika kama nilivyomweleza, bila kuongeza.

Nilianza kufagia uwanja wetu nikiwa na miaka sita. Nyumba ilikuwa kaskazini mwa Kampala, katikati ya kahawa na migomba, na kila asubuhi kabla ya uji ilikuwa lazima uwanja uwe na mistari. Mama alisema nyumba yenye uwanja mchafu ni nyumba ambayo wenyewe wamekufa. Alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake, akinionyesha kwa kidole pale nilipoparuka. Mara ya kwanza aliyosema nimefagia vizuri nilikuwa na miaka tisa. Naikumbuka siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu. Alikunywa chai yake, akapita kandokando ya ukuta ili asiiharibu mistari yangu, akaenda kupalilia maharage.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu vita vilipofika. Baba alikuwa ameshafariki. Kizito alikuwa na kumi na saba, umri wa kuuawa, na mama alimpeleka mapema kwa mjomba upande wa Masaka. Tukabaki wawili. Askari walipiga kambi barabarani, kijiji kikahama chote isipokuwa Mzee Bosa, na sisi tukaingia kwenye kinamasi nyuma ya shamba, ndani ya mafunjo. Tulilala juu ya mabua tuliyoyalaza. Mbu walitufaidi.

Chakula kilikuwa bado nyumbani, ardhini. Alfajiri tulirudi katika shamba letu wenyewe kwa kunyata. Mama alikuwa na masharti yake. Kiazi kitamu hakichimbwi kwa jembe: unaingiza mkono chini ya marando, unapapasa, unang'oa kilicho kikubwa, unarudisha udongo na kuyalaza marando kama yalivyokuwa. Magugu hayang'olewi hata yakikuuma moyo. Majani makavu ya migomba yanaachwa yaning'inie. Na mtu wa nyuma anaburuta tawi la mbuni ili kuvuruga nyayo. Shamba lionekane limekufa, alisema, ndipo sisi tutaishi.

Mtu wa nyuma nilikuwa mimi.

Tuliishi hivyo wiki kadhaa. Asubuhi moja chumvi ikatuishia, na mama akasema iko kidogo jikoni, ndani ya kibuyu. Ilibidi tuvuke uwanja. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mwekundu ukilowa unashika kila kitu. Mama aliingia, akatoka na kibuyu, akatangulia na kikapu kuelekea migombani. "Futa," alininong'oneza.

Tawi nilikuwa nimeliacha shambani. Kwenda kulichukua kungeongeza nyayo nyingine. Nyuma ya jiko ufagio wangu ulikuwa bado umeegemea pale nilipouacha.

Niliuchukua. Nilifagia nikirudi kinyumenyume, nusu duara, hatua, nusu duara. Uwanja ule ulikuwa umeniumiza wiki zote hizo, umejaa majani na mavi ya kuku wasiokuwapo tena. Sikufagia njia ya nyayo peke yake. Nilifagia wote, kutoka jikoni hadi migombani. Nilipomaliza niliinua kichwa nikautazama. Hakukuwa na unyayo hata mmoja.

Ulikuwa umependeza. Niliona fahari, Mungu anisamehe. Niliupeleka ufagio migombani nikaufunika kwa majani, nikamkimbilia mama. Yeye hakugeuka nyuma.

Siku mbili baadaye tulirudi. Mama aliniacha mahali mafunjo yanapokutana na viazi, nipokee kikapu. Yeye akasogea mbele, kwa sababu viazi vya karibu tulikuwa tumevimaliza.

Palikuwa kimya. Ndege hawakulia, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Walitoka kwenye kahawa. Watatu.

"Wewe mama! Simama hapo."

Mama alisimama. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka viwikoni.

Nilijilaza.

Mmoja wao, mtu mzima, hakuwa na haraka. Hakumpiga. Alimshika mkono akamwongoza mpaka ukingoni mwa uwanja, akanyoosha buti lake kuelekea ile mistari. Mvua haikuwa imenyesha tena, na mistari ilikuwa bado pale.

"Tumekaa hapa siku mbili," alisema. "Nyumba haina watu. Nani anaifagia?"

Kiswahili nilikuwa nakijua kidogo, cha sokoni. Kile nilikielewa chote.

Hapo Kizito aliinua mkono. "Inatosha," alisema.

Nilitaka kuendelea. Sehemu niliyokuwa nimeibeba zaidi ilikuwa ile iliyobaki. Lakini alikuwa ameshasimama. Alivaa koti, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka kwa mlango wa jikoni badala ya mlango wa mbele. Hakupita kwenye njia aliyoifagia. Alikanyaga theluji nzima, juu ya vitunguu vyangu, akafungua kilango cha uzio akaenda. Majani ya sukuma yalikuwa bado mezani, yanaanza kuchuruzika maji.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Jumamosi ya pili nilipika tena na kutandika sahani mbili, nikajiambia huenda treni imechelewa, mimi ninayejua kwamba Kizito angetembea kwa miguu kuliko kuchelewa.

Sijui niseme nini kuhusu wiki zile. Mwisho wa majira ya baridi ndio mgumu kuliko mwanzo wake. Mwanzoni unakuwa na nguvu. Nilihamishia pilipili kwenye vyungu. Nilipanda nyanya, kisha mchicha wa kwetu kutoka mbegu nilizozikausha mwenyewe. Sungura wa porini alipenya uzio akaula mstari mmoja wa sukuma mpaka shina, akaacha nyayo kila mahali bila hofu ya mtu. Nilimwonea wivu. Zikapita siku nne bila kusikia sauti yangu, nikaanza kuisemesha miche, na hiyo ilinitisha kidogo, kwa hiyo nikaacha.

Machi jua likarudi na theluji ikaanza kushuka. Ndipo nilipoona jambo ambalo wenyeji wa hapa hawalishangai tena. Theluji isiyokanyagwa huyeyuka kwanza. Iliyokanyagwa imekandamizwa, imekuwa barafu, na inabaki. Kijishamba kilikuwa kimekuwa cheusi chote, vitunguu vimetoa ncha za kijani, na juu ya udongo zilibaki nyayo za Kizito, nyeupe, zimeinuka, kutoka mlangoni mpaka kwenye kilango. Ningeweza kuzipasua kwa jembe dakika moja. Nilipalilia nikizizunguka.

Alikuja Jumatano, wiki mbili kabla ya Pasaka. Hakuvua koti. Alisimama jikoni ameshika kofia, amekonda.

"Mama alijibu nini?" aliuliza.

Nilimwambia. Mama aliutazama uwanja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona tangu niufagie, na mkono ulioufagia aliujua, kwa sababu ndiye aliyeufundisha. Hakushtuka. Hakutazama upande wa mafunjo, wala hakuinua sauti ili nimsikie. Alimjibu yule askari kwa Kiswahili chao.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye nimefagia. Niko peke yangu."

Walimwamini. Walipita naye karibu nami, kama kutoka hapa hadi kwenye jiko, na hakugeuza shingo. Kikapu kilibaki shambani. Sikusikia risasi, siku hiyo wala iliyofuata. Hatukuletewa mwili, wala jina la mahali. Jioni niliokotwa na watu waliokuwa wakikimbilia kusini, na waliponiuliza mama amekamatwaje, mwanamke mmoja alinijibia. "Ni yule Bosa," alisema. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Kizito aliizungusha kofia mikononi.

"Mlango wa mzee yule niliuvunja kwa shoka la baba," alisema. "Mke wake alikuwa amepika. Nilimwaga chungu."

"Najua."

"Ulikuwapo. Ulisimama barabarani ukitazama."

"Nilikuwapo, kaka."

Nilingoja anitukane. Ingenisaidia. Alivaa kofia yake.

"Watajibiwa," alisema. "Lakini si mimi nitakayeandika."

Nilimfungia sukuma iliyobakizwa na sungura kwenye mfuko, akaupokea. Alitoka kwa mlango wa mbele.

Barua niliiandika siku hiyohiyo, dirishani, kati ya vyungu vya pilipili. Niliwaandikia watoto wa Mzee Bosa, na nakala kwa wazee wa kijiji. Sikujua nianze na salamu gani, kwa hiyo nilianza na maneno ya mama: Mimi ndiye niliyefagia. Nilipoyaona kwenye karatasi niliweka kalamu chini. Mama alilisema neno hilo papo hapo, bunduki tatu zikimtazama, kwa ajili ya mtoto. Mimi nilitakiwa kulisema kwa ajili ya mzee asiye na hatia, wala hapakuwa na aliyenishikia hata fimbo, na lilinichukua miaka zaidi ya arobaini. Akafa akilingoja. Nilikuwa mtoto siku ile uwanjani, na kwa lile sijihukumu tena kama zamani. Ila barabarani, mbele ya mlango uliovunjwa, sikuwa mtoto.

Wamejibu. Binti yake ndiye aliyeandika, mistari michache. Mzee wao atazikwa nyumbani baada ya Pasaka, na barua yangu itasomwa mbele ya watu. Hakusema wamenisamehe, nami sikuwa nimeomba. Aliuliza jambo moja, kama mama yetu ana kaburi ambako wangeweza kuweka maua siku hiyo. Nilimjibu kwamba hana.

Barafu imekwisha. Unyayo wa mwisho, ule wa karibu na kilango, uliyeyuka Jumatatu, na pale ulipokuwa nitahamishia mchicha baridi ikiisha. Jumamosi napika ya watu wawili. Ikifika saa tisa na mlango haujabishwa, naifunika ya pili, naila Jumapili.